Je, Wajua? Rimu Mpya, Gari Kuukuu na Mteremko wa Mai Mahiu

Je, wajua kwamba tairi linaweza kuzunguka uani bila kugusa chochote, kisha likaanza kujikwaruza kwenye kona ya kwanza ya mteremko?

Rimu hubadilishwa gari likiwa juu ya jeki. Wakati huo springi imenyooka, gurudumu linaning'inia, na nafasi kati ya tairi na bodi ni kubwa kuliko itakavyokuwa safarini. Fundi analizungusha kwa mkono, haligusi popote, nati zinakazwa, pesa zinalipwa. Kisha gari linapakia watu watano na gunia la viazi kutoka Kimende na kuanza kushuka kuelekea Mai Mahiu. Kona inakata kulia, dereva anakanyaga breki, na uzito wote unalalia gurudumu la mbele kushoto. Springi ya upande huo inabonyea. Kwa kuwa usukani umekatwa, sehemu ya nyuma ya tairi imetokeza nje na ya mbele imeingia ndani, kuelekea plastiki ya madigadi. Hapo ndipo mkwaruzo wa kwanza husikika, mfupi, na kona ikiisha hunyamaza. Wengi huusikia wakadhani ni jiwe.

Barabara hiyo ilichongwa ukingoni mwa Bonde la Ufa na wafungwa wa vita Waitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga kando yake mwaka wa 1942 lipo hadi leo. Wanaopita hapo huisifu kwa mandhari ya Longonot. Mimi naisifu pia kwa sababu humpa mwenye gari jibu ambalo karakana haiwezi kumpa: mzigo, breki na kona vinakuja kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba saizi ya tairi imechanganya vipimo vya aina tatu?

Soma ubavuni: 175/70R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni asilimia, yaani ubavu una urefu wa asilimia 70 ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukitaka kujua kimo cha gurudumu zima, chukua 175, zidisha kwa 0.70, upate milimita 122.5, zidisha mara mbili kwa kuwa ubavu uko juu na chini, kisha ongeza inchi 13, ambazo ni milimita 330.2. Jumla ni milimita 575.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa 195/50R15. Utapata milimita 576. Rimu imekua kwa inchi mbili nzima, lakini gurudumu limerefuka kwa milimita moja tu, kwa kuwa ubavu umefupishwa. Anayenunua rimu za inchi 15 akidhani gari litainuka asiguse matuta hapati chochote kwa saizi hii. Alichoongeza ni upana wa milimita 20, nusu kuelekea nje na nusu kuelekea ndani.

Jaribu pia 195/65R15, saizi iliyojaa madukani kwa sababu magari mengi ya kisasa huitumia. Hii inafika milimita 634. Ukiivisha sedani iliyozaliwa na 175/70R13, kila gurudumu limeongezeka kimo kwa takriban milimita 59. Gari litainuka kwa nusu ya hizo, karibu sentimita tatu. Nusu nyingine inapanda juu ndani ya madigadi, na kule juu ndiko nafasi ilikokuwa haba tangu mwanzo.

Tairi pana halibebi mzigo zaidi kwa sababu tu ni pana

Hili huwashangaza hata madereva wa miaka mingi. Baada ya saizi, ubavuni pana namba nyingine ya tarakimu mbili na herufi, kwa mfano 82T. Hiyo 82 ni daraja la uzito, na maana yake ni kilo 475 kwa kila tairi. Tairi la 175/70R13 kwa kawaida lina daraja la 82. La 195/50R15, lenye sura ya ubabe, kwa kawaida nalo ni 82. Kinachobeba gari ni hewa iliyomo ndani, na tairi lenye ubavu mfupi halina nafasi ya hewa nyingi. Kwa anayepakia kabichi na viazi kule juu na kushuka navyo bondeni, namba hiyo ina maana kuliko upana wote.

Je, wajua namba iliyofichwa nyuma ya rimu?

Igeuze rimu uangalie upande wa ndani. Mara nyingi utakuta herufi ET na namba, labda 45 au 35. Hiyo ndiyo ofuseti: umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso unaokaa kwenye habu. Ofuseti ikiwa kubwa, gurudumu huingia ndani. Ikipungua, hutoka nje. Katika mikwaruzo mingi namba hii ndiyo yenye kosa, na ndiyo wateja wasiyoiuliza. Wanauliza inchi ngapi, matundu mangapi, bei gani.

Tuseme rimu ya zamani ilikuwa na upana wa inchi 5.5 na ofuseti 45, na mpya ina upana wa inchi 7 na ofuseti 35. Tofauti ya upana ni inchi 1.5, yaani milimita 38, inayogawanyika 19 kila upande. Ofuseti imepungua kwa 10, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje kwa milimita 10. Kwa nje rimu imesonga milimita 29. Kwa ndani imesonga milimita 9. Bodi ya gari la miaka ya tisini haikuwekewa nafasi ya milimita 29 za kuchezea.

Kwenye magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, zile Datsun na pikapu za zamani, mambo hugeuka. Hayo yaliundwa kwa ofuseti ndogo. Rimu ya gari la kisasa linalovutwa na magurudumu ya mbele ina ofuseti kubwa, na ukiifunga kule, tairi huingia ndani mno na kusugua springi au shokabsoba. Kwa nje gari linapendeza, hakuna kilichotokeza. Ubavu wa ndani wa tairi ndio unaochinjwa, na huo hauonekani mpaka gari lipande juu ya shimo la karakana.

Je, wajua kwamba rimu ya Premio na ya Subaru zina matundu yaleyale, lakini moja haikubali kukaa?

Toyota Premio na Subaru Impreza za zamani zote zina bolti tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Ukipima kwa rula, ni ndugu. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota hiyo ni milimita 54.1, na habu ya Subaru ni milimita 56.1. Milimita mbili tu. Rimu inafika kwenye habu na kukwama kabla ya kulala vizuri, na anayeilazimisha kwa kukaza nati anaachia gari barabarani likiwa na gurudumu lisiloegemea popote.

Ukifunga rimu ya Subaru kwenye Toyota, tatizo ni kinyume: inaingia, lakini inacheza. Dawa yake ni pete ya kujaza nafasi hiyo ya katikati. Bila hiyo usukani hutetemeka kwa mwendo wa kasi, na mwenye gari hulipia kusawazishwa kwa magurudumu mara kwa mara bila kupona.

Nati nazo zina siri yake. Za Toyota hizi zina uzi wa milimita 1.5, za Subaru na Nissan ni milimita 1.25. Zote hutoshea bolti ya unene wa milimita 12, kwa hiyo nati ya gari moja huanza kushika kwenye bolti ya jingine, ikapita mizunguko miwili, kisha ikakaza. Fundi mwenye haraka huona imekaza vyema. Kilichotokea ni kwamba uzi umekatika. Tena, rimu nyingi za aloi za Toyota za zamani hutaka nati zenye washa bapa, ilhali za chuma hutaka zenye kichwa cha mteremko. Ukichanganya, nati hukalia ukingo mwembamba tu na hulegea polepole. Mizunguko ihesabiwe kwa mkono kabla ya spana: kwa bolti ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, nati ishike angalau mizunguko minane. Hesabu hiyo inahitajika zaidi ukiwa umeweka spesa nyuma ya rimu, kwa kuwa spesa hula urefu wa bolti.

Asili ya namba 114.3

Rimu nyingine nyingi za Kijapani zina duara la bolti la milimita 114.3. Kwa nini isiwe 114 au 115? Kwa sababu ni inchi 4.5 kamili. Kipimo cha Marekani kiliingia Japani, kikaandikwa kwa milimita, kikabaki hivyo hadi leo.

Je, wajua kwamba tairi refu hudhoofisha breki ya injini?

Kila anayeushuka mteremko wa Mai Mahiu na mzigo hufundishwa kushuka kwa gia ndogo ili injini ishikilie gari na breki zisichemke. Gurudumu lililorefuka kwa asilimia kumi hufanya kila gia iwe ndefu kwa asilimia kumi hiyohiyo. Gia ya pili haishiki kama zamani. Breki zenyewe zinahitaji nguvu zaidi, kwa maana zinazuia gurudumu lenye mkono mrefu. Na spidomita inadanganya: ikisoma 80, gari linakwenda 88. Dereva anaamini yuko ndani ya kiwango huku akiikaribia kona kwa kasi asiyoijua.

Siku ya kurudi Nairobi, mambo hayo hujilipa kwa upande wa pili. Injini ya cc 1300 inayopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi itaomba gia ya pili pale ilipozoea kwenda na ya tatu, na mafuta yatasema.

Subaru hailali na matairi mawili tofauti

Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, matairi mawili mapya mbele na mawili yaliyolika nyuma hufanya difu ya kati ifanye kazi kila dakika, hata kwenye barabara iliyonyooka, kwa kuwa magurudumu hayazunguki sawa. Subaru yenyewe hutaka mzingo wa matairi yote manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi. Hapa mkwaruzo hausikiki kabisa. Kinachosagika kiko ndani ya gia boksi.

Je, wajua kwamba mara nyingine rimu haina hatia?

Gari la miaka ishirini na tano limekwisha kaa. Springi zimechoka na kushuka, labda sentimita mbili. Raba za kuzuia springi zisifike mwisho zimepasuka na kudondoka, na hakuna aliyezirudisha. Bushi za mikono ya chini zimelegea, hivi kwamba ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo kuelekea ukingo wa bodi. Mtu anafunga rimu mpya za saizi ileile ya kiwandani, anasikia mkwaruzo, anazirudisha dukani kwa hasira. Angebadilisha bushi na raba kwanza, kwa pesa ambazo mara nyingi ni chache kuliko bei ya tairi moja. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeona bodi nzuri za Corolla zikipigwa nyundo na kukunjwa ukingo, rangi ikapasuka, kutu ikaingia, kwa kosa la bushi.

Wengi huinua gari kwa spesa za springi, hasa wanaotoka Mai Mahiu kwenda Suswa na Narok au kuingia njia za vumbi za Kedong. Sababu ni halali. Barabara ya Narok yenyewe ilikatwa na ufa mkubwa Machi 2018, na mvua haijawahi kuionea huruma. Lakini spesa ni za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Inayofungwa juu ya shokabsoba, kati yake na bodi, husogeza gurudumu zima chini, kwa hiyo nafasi ya juu huongezeka kweli. Inayopachikwa katikati ya mizunguko ya springi huinua gari likiwa limesimama tu na kuifanya springi kuwa ngumu. Gari likipiga shimo likiwa na mzigo na shokabsoba ikafika mwisho wake, tairi hufika palepale lilipokuwa likifika. Na zote mbili hazisaidii hata milimita moja pale tairi linaposugua shokabsoba yenyewe, kwa kuwa vitu hivyo viwili hupanda na kushuka pamoja.

Malori nayo hujikwaruza, tairi kwa tairi

Tangu kituo cha reli ya SGR kilipofunguliwa karibu na Mai Mahiu mwaka wa 2019, na kabla ya hapo kwa miongo mingi, mji huu umeishi kwa malori. Tazama ekseli ya nyuma ya lori: matairi mawili yamekaa ubavu kwa ubavu. Nafasi kati yao ni ndogo lakini ina kazi. Tairi linapobonyea chini kwa mzigo, ubavu wake hutuna nje, na mawili yakikutana husuguana kila mzunguko. Joto hupanda pasipo upepo wa kulipoza.

Mwenye lori la 295/80R22.5 akifunga 315/80R22.5 kwa rimu zilezile, ameongeza milimita 20 kwa kila tairi. Kila moja limemsogelea mwenzake kwa milimita 10, kwa hiyo nafasi ya kati imepungua kwa 20. Upepo ukipungua kwenye tairi moja, nafasi iliyobaki inazibwa. Ndiyo sababu tanboi huzunguka lori akigonga kila tairi kwa chuma na kusikiliza: la ndani likiwa limeisha upepo, la nje hulificha, na macho pekee hayatoshi.

Je, wajua kwamba magari ya Safari Rally hukimbia Kedong kwa rimu za inchi 15?

Mashindano ya dunia yaliporudi Kenya mwaka wa 2021 na kuweka makao Naivasha, Kedong ilikuwa miongoni mwa hatua ndefu zaidi, zaidi ya kilomita 30 za mawe na vumbi laini. Magari yale ya mamilioni hutumia rimu za inchi 15 kwenye changarawe. Za inchi 18 zipo, lakini ni za lami. Ubavu mrefu wa tairi ndio unaomeza jiwe kabla halijafika kwenye rimu, na wahandisi wenye kila kitu mkononi wamechagua ubavu huo.

Saizi hiyo si ngeni hapa. Volkswagen Kobe, lililoshinda Safari mwaka wa 1954 na tena 1962, lilikuwa na rimu za inchi 15 na matairi membamba. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mwaka wa 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, nayo ya inchi 15. Magari madogo nayo yalikuja na magurudumu madogo: Mini ya 1959 ilikuwa na inchi 10, Datsun 1200 inchi 12, na sedani nyingi za Kijapani zilizojaa Nakuru na Naivasha zikaja na 13. Hizi za mwisho ndizo zinazotafutiwa rimu leo. Kiwanda cha Nairobi kilichotengeneza matairi ya Yana kilifungwa mwaka wa 2016, magari mapya yanakuja na 15, 16 na 17, na rundo la rimu za mtumba katika Barabara ya Kirinyaga linafuata magari hayo.

Jinsi ya kujua linagusa wapi

Mkwaruzo unaosikika usukani ukiwa umekatwa wote, mwendo wa polepole, kwa kawaida hutoka ndani, kwenye plastiki au mkono wa chini. Unaosikika nyuma, kwenye tuta, gari likiwa na abiria, ni ukingo wa bodi juu ya tairi. Unaoendelea muda wote, ukipanda na mwendo, hauhitaji kusubiriwa: simama na ukague, labda ni shokabsoba, labda ni beringi.

Kwa uhakika zaidi, paka chaki mabegani mwa matairi yote, nje na ndani. Pakia gari uzito unaobeba kwa kweli. Tafuta mahali ambapo gurudumu moja la mbele litapanda juu na la nyuma la upande wa pili litapanda pia, ili springi zote mbili zibonyee, kisha kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Chaki itakuwa imefutika palipoguswa. Tazama pia mahali bodi inapong'aa. Ukikuta ubavu wa tairi umechongwa mfereji au nyuzi zimeanza kuonekana, tairi hilo limekwisha. Ubavu hauzibwi kama pancha ya kawaida, na fundi anayekubali kuuziba anakuuzia safari moja.

Na kama gari lako lilizaliwa na 175/70R13, nawe unataka kutoka kwenye 13 kwa sababu ya uhaba wa chaguo, tafuta 175/65R14 kwenye rimu yenye ofuseti inayokaribia ile ya zamani. Kimo chake ni milimita 583, nane tu zaidi ya mwanzo, upana ni uleule, na daraja la uzito ni lilelile la 82. Juu, tairi linakaribia bodi kwa milimita nne. Spidomita ikisoma 80, utakuwa unakwenda 81.